Una selimundu na unataka kusomea udaktari? Usifiche, jipange

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, safu hii hupokea ujumbe unaofanana. Safari hii aliyeandika ni mama mmoja wa Dar es Salaam. Binti yake amefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Baiolojia, na tangu akiwa mdogo anasema atakuwa daktari. Binti huyo anaishi na selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Mama anauliza mambo mawili. Je, chuo kitamkataa? Na je, kuna ubaya akimwomba daktari anayefahamiana naye aandike kwenye fomu kwamba mtoto hana tatizo lolote?

Mama huyu hayuko peke yake. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani. Zamani wengi wao hawakufikisha hata umri wa kuanza shule. Leo, kwa sababu ya kliniki, chanjo na dawa kama haidroksiurea, wapo wanaomaliza kidato cha sita na kuomba vyuo. Swali la mama huyu litaulizwa na wazazi wengi zaidi miaka ijayo.

Nianze na swali la kwanza. Mwombaji wa shahada ya udaktari hupimwa kwa ufaulu wake katika masomo hayo matatu, na maombi huyatuma moja kwa moja chuoni kwa kufuata mwongozo wa TCU. Fomu ya uchunguzi wa afya kwa kawaida huja pamoja na barua ya udahili, yaani baada ya mtu kuchaguliwa. Kwa hiyo mzazi, usimzuie mwanao kuomba kwa kuhofia fomu ambayo hata hajaiona.

Swali la pili jibu lake ni fupi: ndiyo, kuna ubaya, na anayeumia ni mtoto mwenyewe.

Hebu fikiria usiku mmoja wa muhula wa kwanza. Binti yuko hosteli, mji mgeni, homa imepanda na mifupa inamuuma hadi hawezi kusimama. Wenzake chumbani hawajui kitu. Mlezi wa hosteli anafungua faili, linasema mzima. Wanampa dawa ya maumivu na kumwambia asubiri asubuhi. Kwa mgonjwa wa selimundu, homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura, haisubiri asubuhi. Akifika hospitali, daktari wa zamu asiyemjua anapima na kukuta damu ni saba. Kwa mtu mwingine hiyo ni hali ya kutisha. Kwa binti huyu huenda damu saba ndiyo kawaida yake ya kila siku, na kumwongezea damu bila sababu kuna hatari zake. Uongo wa mstari mmoja kwenye fomu unaweza kuzaa makosa mawili kwa usiku mmoja.

Tusidanganyane pia kwa upande mwingine. Masomo ya udaktari ni mazito. Ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Kuna raundi za kusimama saa nyingi, zamu za usiku, na vipindi ambavyo mwanafunzi anasahau hata kunywa maji. Uchovu, kukosa maji, baridi na maambukizi ndivyo hasa vinavyoamsha maumivu ya selimundu. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama mtoto anaumwa. Uliza pia ugonjwa umedhibitiwa kiasi gani. Mwaka uliopita alilazwa mara ngapi? Anameza dawa mwenyewe au mpaka akumbushwe? Alimudu vipi maisha ya kidato cha tano na sita? Maswali haya ajibu yeye pamoja na daktari wake wa kliniki, si shangazi wala jirani.

Akishaamua kuomba, kuna mambo ya kufanya mapema.

Kwanza, pateni barua ya kliniki. Iandike aina ya ugonjwa wake, wingi wa damu wake wa kawaida, dawa anazotumia na vipimo anavyopaswa kurudia, historia ya kuongezewa damu, na hatua za kuchukua akipata homa au maumivu. Nakala moja iende chuoni, nyingine ikae kwenye simu yake.

Pili, angalieni chuo kilipo. Vyuo vya udaktari vya Muhimbili, Bugando na KCMC viko jirani kabisa na hospitali kubwa za rufaa, na hiyo ni nafuu kwake. Angalieni pia hali ya hewa. Anayekwenda Mbeya, ambako baridi ya Juni na Julai ni kali, afungashe nguo nzito.

Tatu, akifika chuoni aende ofisi ya mshauri wa wanafunzi wiki ya kwanza, kabla hajaugua. Aulize kuhusu chumba cha hosteli, kuhusu mtihani maalumu kwa aliyelazwa wakati wa mitihani, na kuhusu utaratibu wa kuahirisha mwaka. Ushahidi wa ugonjwa unaopelekwa mapema husikilizwa. Ukipelekwa baada ya kufeli, huonekana kisingizio.

Nne, hakikisheni bima yake ya afya haikatiki anapotoka nyumbani. Na ahamishiwe kliniki ya watu wazima kwa barua, asije akaacha kliniki ya watoto bila kuanza nyingine. Wengi hupotelea hapo.

Mwenye kisukari kinachohitaji insulini, pumu au kifafa naye afuate njia hiyo hiyo. Ikitokea baadaye kwamba chumba cha upasuaji hakimfai, udaktari una vyumba vingi: maabara, mionzi, afya ya akili, afya ya jamii.

Sasa neno kwa vyuo. Wazazi hawafichi kwa kupenda. Wanaficha kwa sababu hakuna anayewaambia fomu ile inasomwa na nani na inatumika kwa lipi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Basi vyuo viandike wazi kwenye barua ya udahili kwamba fomu ya afya ni ya kumsaidia mwanafunzi, na vimtaje mhusika wa kumwona. Chuo kinachofundisha vijana kumwambia mgonjwa "usiogope, niambie ukweli" hakina budi kuanza na mwanafunzi wake mwenyewe.

Mama, msaidie binti aombe. Fomu ijazwe na daktari wake anayemfahamu, ukweli wote. Kisha mwache aanze kujibeba: ajue majina ya dawa zake, tarehe za kliniki na namba ya kupiga usiku. Anayetaka kuwatibu watu kwa miaka arobaini ijayo inabidi kwanza ajue kumtunza mgonjwa huyu mmoja.