MASHINE ISIWE KATIBU WA CHAMA



Miezi miwili iliyopita mama mmoja, mfanyakazi wa chumba cha kufulia nguo katika hoteli, aliandika maneno chini ya picha ambayo tawi letu liliweka katika ukurasa wake wa Facebook. Picha yenyewe ilikuwa ya mkutano wetu wa mwaka. Maneno yake yalikuwa machache: kwamba amefukuzwa kazi asubuhi ile, kwamba amefanya kazi miaka 9, na kwamba hajui aende wapi. Kabla hajairudisha simu mfukoni akapata jibu la faragha: "Asante sana kwa kutuandikia! Kujiunga na chama, bonyeza hapa." Mama huyu ni mwanachama wa zamani, na ada yake hukatwa kila mwisho wa mwezi. Akaandika tena, akajibiwa vile vile. Akaandika mara ya tatu, vile vile. Hapana mtu aliyeyasoma maneno yake mpaka zikapita wiki tatu, alipokuja ofisini mwenyewe kwa miguu, amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Aliyekuwa akimjibu hakuwa katibu wala karani. Ilikuwa programu iliyokodiwa na halmashauri ya tawi kwa malipo ya kila mwezi. Nami niandikaye hapa ni mmoja wa walioinua mkono ikodiwe. Tulisema kwamba ofisi ina karani mmoja, naye ana mtoto na nyumba; watu huandika usiku na Jumapili; wakikaa bila jibu husema chama kimelala. Tukaona tumepata karani asiyelala wala kuomba likizo. Mweka Hazina alifurahi kuliko wote. Kwa hivyo maneno yatakayofuata msiyachukue kuwa ni ya mtu aliyekaa kando akiwacheka wenzake.

Yafaa kwanza tueleze chombo hiki ni nini, maana wengi wamejibiwa nacho bila kukijua. Ukiuliza bei ya viatu chini ya picha ya muuzaji katika Instagram, mara simu yako yalia: bei imeletwa kwako peke yako, katika inboksi. (Kwa nini bei isiandikwe pale pale kila mtu aione, hilo ni swali ambalo wanunuzi wamewauliza wauza viatu miaka mingi.) Muuzaji mwenyewe pengine yumo ndani ya matatu wala hajui kama umeuliza. Facebook ilifungua mlango wa Messenger kwa programu za namna hii mwezi wa Aprili 2016, na Instagram ikaufungua kwa wafanyabiashara wote mwaka 2021. Mwenye ukurasa huchagua neno, tuseme BEI, na kutunga jibu. Mtu akiandika neno lile hadharani, programu yaliona na kumpelekea jibu faraghani. Kwa kanuni za kampuni yenye mitandao hiyo miwili, yaani Meta, ruhusa ni ujumbe mmoja kwa kila oni, nao upelekwe ndani ya siku 7. Yule mtu akijibu, mlango wa mazungumzo hufunguka kwa saa 24.

Kwa muuza viatu hatuna neno. Swali la bei lina jibu moja, na jibu la usiku wa manane ni sawa na jibu la mchana. Lakini mtu aliyefukuzwa hakuuliza bei. Maneno yake yana mambo ambayo hayakuandikwa: alipewa barua au hakupewa? Aliitwa kujieleza, na je, alikuwa na mwenzake wa kusimama naye? Amelipwa siku alizofanya? Mwakilishi wetu mzuri wa kazini huyauliza hayo akiwa amesimama mlangoni, kabla hajapewa kiti. Mashine yetu iliona neno "kazi" ikaleta fomu ya kujiunga, kwa sababu ndivyo tulivyoiagiza.

Tena wakati haumngoji mtu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi aliyefukuzwa bila haki miezi 3 kupeleka malalamiko yake kwa Afisa wa Kazi. Wiki tatu za mama huyu zilikuwa karibu robo ya muda huo, na zilipotea akiamini kwamba amekwisha kukiambia chama chake. Hapa ndipo ubaya ulipo. Angenyamaziwa kabisa, angekuja ofisini kesho yake. Jibu la haraka ndilo lililomfanya akae nyumbani akingoja.

Jambo hili la watu kuiamini mashine si geni. Mwaka 1966 mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, Joseph Weizenbaum, alitoa habari za programu yake aliyoiita ELIZA. Haikuwa na akili yo yote. Ilichukua maneno ya mtu, ikayageuza kuwa swali, ikamrudishia. Hata hivyo watu waliifungulia mioyo, na Weizenbaum mwenyewe alishtuka, akaandika kitabu cha kuonya kilichotoka mwaka 1976. Ikiwa wasomi wa chuo kile walidanganyika na mashine iliyorudisha maneno yao wenyewe, mtu aliyefukuzwa kazi leo, akiwa na simu mkononi na jina la chama chake juu ya ujumbe, atajuaje?

Wako ndugu watakaosema kwamba mashine za sasa ni hodari zaidi, zatunga majibu zenyewe, basi tununue iliyo bora. Kweli ni hodari. Lakini sikilizeni habari ya Kanada. Mtu mmoja aliyefiwa aliiuliza mashine ya kujibu ya shirika la ndege la Air Canada habari za nauli ya wafiwa. Mashine ikamwambia anaweza kusafiri kwanza na kuomba punguzo baadaye, kinyume cha kanuni za shirika lenyewe. Alipodai fedha yake, shirika lilijitetea kwa kusema kwamba mashine ile ni kama kitu kinachojitegemea, chenye kubeba makosa yake. Baraza la madai la British Columbia likakataa neno hilo mwezi wa Februari 2024, likaamuru alipwe. Sasa fikirini mashine hodari ikimwambia mwanachama wetu kwamba ana mwaka mzima wa kwenda kwa Afisa wa Kazi. Nani atakayesimama mbele yake kujibu? Ni sisi, na wala hatutakuwa na fedha ya shirika la ndege.

Nimelitaja kosa lililoonekana. Liko jingine, ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko hilo, nalo halikumliza mtu bado, kwa kadiri tujuavyo.

Mashine ya namna hii hungoja mtu aandike neno hadharani. Bila neno hilo haina la kufanya. Ndiyo maana tangazo letu la mwezi wa kwanza lilisema: "Andika JIUNGE hapa chini, nasi tutakuletea fomu." Tulilitoa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda ambavyo bado havijakitambua chama. Ndugu, tulifikiri nini? Kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, mwajiri hulazimika kukitambua chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuingia chama. Kabla ya kufika nusu, kila jina ni siri. Kila mwakilishi ajua fomu hutiwa sahihi wapi: nje ya lango, jioni, nyumbani kwa mtu, kanisani baada ya ibada, msikitini baada ya sala. Nasi tukawaita watu wale wale wainue mikono sokoni, mbele ya macho ya tajiri, kila mmoja na jina lake na picha ya uso wake. Tajiri hahitaji mpelelezi. Anafungua simu yake na kusoma orodha. Sheria yakataza kumwonea mtu kwa sababu ya chama. Lakini ni nani kati yetu asiyejua barua za kuachishwa zinavyoandikwa, kwamba kazi imepungua, kwamba fulani huchelewa?

Jibu likaenda faraghani, ni kweli. Lakini mwito ulikuwa wa hadharani, na mwito ndio unaotaja jina.

Tena majina hayo hayakai kwa tajiri tu. Yakusanywa na kampuni iliyotukodisha mashine, pamoja na kila neno ambalo mtu alijibu, na kampuni hiyo haiko Kenya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yasema kwamba mwenye kukusanya habari za watu ndiye mwenye kuzijibia, yaani sisi. Na hapa kuna pengo ambalo viongozi wetu wa juu wangefaa kulipigania. Sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, yautaja uanachama wa chama cha wafanyakazi kwa jina katika orodha ya habari za kulindwa zaidi ya nyingine. Sheria yetu ina orodha ya namna hiyo, yenye afya, imani, ndoa, mali na mengineyo. Chama cha wafanyakazi hakikuandikwa humo.

Nisisahau makarani wenyewe. Wanachama wetu kadhaa kazi yao ni hii hii ya kujibu wateja katika kurasa za maduka, benki na hoteli. Wao wametuambia jinsi mambo yanavyokwenda: kwanza mashine yaletwa "kuwasaidia", kisha wapewa kurasa tatu badala ya moja, kisha zamu ya usiku yafutwa, na yanayowabakia ni yale ya watu waliokwisha kukasirishwa na mashine, matusi mchana kutwa. Wao wasingoje barua. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira chasema mwajiri anayetaka kupunguza watu sharti akiarifu chama na Afisa wa Kazi mwezi mmoja kabla, na kila aondokaye alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini. Siku mashine inapofungwa ndiyo siku ya kumwita mwakilishi. Na asiwepo mtu wa kuwaambia kwamba kukaa mbele ya maandishi ya mitandao si kazi ya kuwa na chama. Mwezi wa Mei 2023 wachujaji zaidi ya 150 wa maandishi na picha za mitandao walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Aibu yetu ingekuwa kubwa kama tungewatetea makarani hao kwa matajiri huku sisi wenyewe tumeweka mashine mahali pa karani.

Basi tufanye nini? Mimi sisemi tuitupe. Mtu akiuliza ofisi iko barabara gani, hufunguliwa saa ngapi, mkutano ni lini, mashine na imjibu. Lakini mstari wa kwanza wa jibu useme wazi kwamba hii ni mashine, na wa pili utaje namba ya simu ambayo mtu huipokea. Likionekana neno la kufukuzwa, kuumia, kunyimwa mshahara, au kuguswa na msimamizi kwa njia isiyofaa, mashine isijibu lo lote ila kumwamsha mtu. Na lile tangazo la kuandika JIUNGE hadharani liondolewe leo, pamoja na maoni yote yaliyo chini yake. Atakaye fomu atuandikie faraghani tangu mwanzo, au, bora zaidi, amtafute mwakilishi.

Mweka Hazina atauliza, na ana haki, mtu huyo wa kuamshwa atalipwa na nani. Karani wa pili hatumwezi mwaka huu. Jibu langu ni kwamba tuna wawakilishi wa kazini katika kila mahali pa kazi, na simu ya tawi ni moja. Ipite mikononi mwao kwa zamu, jioni mpaka saa nne, wiki kwa wiki, na fedha ya kukodi mashine kubwa iwe ya vocha na nauli zao. Wengine watanung'unika. Mimi nimekubali zamu ya kwanza.

Malalamiko ya mama yule yamekwisha kufika kwa Afisa wa Kazi, ndani ya muda, nasi twangoja siku ya kuitwa. Tumeanza kuisoma inboksi yote tangu mashine ilipofungwa, na tumekwisha kuwakuta wengine walioeleza shida zao wakapewa fomu. Ikiwa wewe uliandika katika ukurasa wa tawi ukajibiwa maneno yale ya kubonyeza, njoo ofisini au mwambie mwakilishi wako kabla ya mkutano wa tawi. Njoo na barua zako na karatasi za mshahara. Usiandike tena chini ya picha.

MHARIRI