Nyumba ya wazee: tuangalie nini kabla ya kumpeleka mzazi?



Majuma haya swali moja linarudi katika mikutano yetu. Mara nyingi linaulizwa kwa sauti ya chini, wakati wengine wamekwisha kuchukua vikapu vyao na kwenda: «Mama yangu amezeeka, hawezi tena kubaki peke yake mchana, nami siwezi kuacha soko. Je, ni vibaya kumpeleka katika nyumba ya wazee? Na kama si vibaya, nitajuaje iliyo nzuri?»

Leo tunalijibu kwa sauti, maana mambo yanayosemwa chinichini ndiyo yanayotuumiza zaidi. Neno letu ni hili: aibu haiko katika nyumba ya wazee. Aibu iko katika kumpeleka mzazi bila kumwuliza, na kumwacha huko bila kurudi. Mengine yote yanaweza kuzungumzwa.

Hapa Lubumbashi tunajua swali hili limetoka wapi. Wazee wetu wengi walifanya kazi katika kampuni, au walikuwa wake za wafanyakazi. Kampuni ilitoa poso ya unga, nyumba katika kambi, hospitali, shule ya watoto. Mtu alidhani uzee wake umekwisha kupangwa. Kisha mambo yakaanguka. Mwaka 2003 na 2004, Gécamines ilipunguza wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, na wengi wao leo ni wazee. Watoto wao nao wametawanyika: mmoja Kolwezi, mwingine Likasi, mwingine Zambia au Afrika Kusini. Anayebaki na mzazi ni binti, au mke wa mtoto wa kiume. Ndugu wanatuma pesa kwa simu, lakini pesa haimgeuzi mgonjwa kitandani usiku wa manane.

Wengine wanasema sheria yetu inamlazimisha mtoto kukaa na mzazi nyumbani. Tuisome vizuri. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, ibara ya 40, inasema watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Ibara ya 49 inasema wazee wana haki ya kulindwa kwa namna inayofaa mahitaji yao. Tena mwaka 2016 Umoja wa Afrika ulipitisha mkataba juu ya haki za wazee. Ibara yake ya 11 inataka kukaa katika nyumba ya wazee kuwe kwa hiari, na gharama isiwashinde watu. Basi, sheria haikutaja ni chini ya paa gani tutamsaidia mzazi. Lakini mzigo haututoki siku tunapolipa mwezi wa kwanza, na neno «hiari» ni la mzee mwenyewe, si letu.

Tumeuliza familia ambazo zimepita njia hiyo. Hatutaji majina ya watu wala ya nyumba.

Mama mmoja wa Katuba alipelekwa kuangalia nyumba mpya, yenye vigae chini na mapazia mazuri. Msimamizi alimpokea saluni, akampa soda, akamwonyesha chumba kimoja. Alirudi siku nyingine saa sita za mchana bila kutoa habari. Alikuta wazee wamekaa vitandani, kimya kabisa. Mmoja wao haoni. Walimwekea sahani ya bukari mahali ambapo mkono wake haufiki, na baada ya muda mfanyakazi akaja kuichukua ikiwa bado imejaa, akisema: «Huyu hapendi kula.» Yule mama hakurudi tena pale.

Mama mwingine aliona nyumba ndogo ya masista, rangi imebanduka ukutani, vitanda vya zamani. Lakini uani palikuwa na nyanya watatu wanachambua lengalenga na kubishana juu ya bei ya vitoyo. Mfanyakazi alipopita alimwita kila mmoja kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama tunavyoitana mtaani. Mama yake yuko pale mpaka leo, na siku ya Jumapili anatoka kwenda kusali na wajukuu.

Familia ya tatu ndiyo iliyotuumiza. Walimwambia mama yao kwamba anapelekwa hospitali kwa siku chache. Walimwacha katika nyumba ya wazee, wakaondoka. Nyumba yenyewe haikuwa mbaya: chakula kilikuwako, usafi ulikuwako. Lakini kila asubuhi yule mama alikuwa akikunja vikwembe vyake, anavifunga, anakaa karibu na mlango, anangoja kurudishwa. Alifanya hivyo miezi minne. Binti yake alituambia: «Angekuwa analia, ningevumilia. Alikuwa ananiuliza tu kama daktari amesema lini.» Mwishoni ndugu walikutana, wakamwambia mama ukweli, wakamwomba msamaha. Alikasirika sana, kisha akaweka masharti yake: kitanda chake mwenyewe kiletwe kutoka nyumbani, na mwisho wa kila mwezi alale kwa binti yake. Leo hafungi tena vikwembe.

Kutokana na habari hizo na nyingine tulizosikia, haya ndiyo mambo ya kuangalia.

Nenda mara mbili, na mara moja usitoe habari. Chagua saa ya chakula. Angalia nani anamlisha asiyeweza kujilisha, na kama anangoja ameze kabla ya kumpa tonge lingine. Uliza maji ya kunywa yako wapi. Mzee hasikii kiu kama kijana. Asipopewa kikombe mkononi, anakauka bila kulalamika.

Tumia pua yako kuliko macho. Rangi ya ukuta inapakwa kwa siku moja. Harufu ya mkojo ikiwa imekaa katika magodoro ya vyumba vyote, ujue watu hawabadilishwi kwa wakati. Uliza pia wanafanya nini maji ya bomba yanapokatika, maana sisi wote tunajua yanakatika.

Angalia ngozi. Mtu ambaye hawezi kujigeuza anatakiwa kugeuzwa karibu kila baada ya masaa mawili. Asipogeuzwa, anapata vidonda vya kulala kwenye visigino, nyonga na chini ya mgongo. Mama yako akiwa pale, usimsalimu tu na kuondoka: msaidie kuoga, mpake mafuta, na huku ukipaka, tazama.

Uliza habari za usiku. Mchana kila nyumba ina watu. Usiku ni nani anabaki? Ni mmoja kwa wazee wangapi? Mzee akianguka saa tisa za usiku, anapelekwa hospitali gani, kwa gari la nani, na nani anapigiwa simu? Wakikujibu «Mungu atasaidia», Mungu atasaidia kweli, lakini wewe endelea kutafuta.

Uliza dawa. Wenye tansioni na wenye sukari wanameza dawa kila siku. Nani anazitunza? Je, kuna daftari linaloandikwa kila zikitolewa? Omba kuliona.

Uliza lugha. Mtu anayeanza kusahau anarudi mara nyingi katika lugha ya utoto wake. Nyanya aliyesema Kiswahili miaka hamsini anaweza kubaki na Kiluba au Kibemba tu. Pasipokuwa na mtu hata mmoja wa kumjibu, atakaa kimya, nao watasema ni mtulivu.

Andika mambo ya pesa. Kila mwezi ni kiasi gani, na ndani yake kuna nini: chakula, sabuni, dawa, daktari? Pesa ikichelewa, mzee anafanyiwa nini? Kama anapokea pensheni ya CNSS, nani anaichukua, na nani anamwonyesha mwenyewe hesabu? Karata yake ya uchaguzi ibaki mahali anapojua. Tena uliza bila aibu: akifariki, watatuita saa ileile, na mwili wake utatunzwa vipi mpaka familia ifike?

Lakini kabla ya kuichunguza nyumba ya wazee, tujichunguze sisi. Ziko familia zinazotafuta nyumba ya mama kwa haraka kwa sababu parsela imepata mnunuzi. Ziko nyingine ambamo nyanya ameanza kusahau, anatembea usiku, anamwita mjukuu kwa jina la marehemu, na mtu mmoja ametamka neno «mchawi». Wamama, kusahau kwa namna hiyo ni ugonjwa wa ubongo. Kunapimwa na daktari, si na mtu wa kutabiri. Mzee aliyetajwa hivyo yuko hatarini nyumbani mwake mwenyewe, na kumwondoa pale upesi, kwa binti mwingine au katika nyumba nzuri ya wazee, kunaweza kumwokoa maisha. Tukisikia neno hilo katika mtaa wetu, tusinyamaze.

Pia tuseme ukweli juu ya nyumbani. Si kila nyumbani ni kuzuri. Mzee anayefungiwa katika chumba cha nyuma tangu asubuhi mpaka watu warudi kutoka sokoni, na sahani ya baridi karibu yake, hayuko katika familia. Yuko peke yake kwenye anwani ya familia. Na mke wa mtoto anayebeba kazi yote bila msaada, siku moja atachoka, na uchovu wake utaonekana mikononi mwake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo, kuna njia ya katikati. Wamama watano wa kikundi kimoja cha AVEC huko Ruashi waliweka pesa pamoja na kumlipa jirani mmoja, mjane mwenye subira, apitie wazee wao watano kila siku: anawapa chakula, maji na dawa, anazungumza nao. Wakati wa jioni kila mama anarudi kwa mzazi wake. Kwa mzee anayeweza bado kutembea na kujua watu, hiyo inaweza kutosha. Kwa yule asiyeinuka tena, huenda haitoshi, na hapo nyumba ya wazee ina maana yake.

Mkiisha kuamua, kazi ndiyo inaanza. Pangeni zamu ya kumtembelea kama mnavyopanga zamu ya kulala na mgonjwa hospitalini. Aliye Kolwezi apige simu siku yake, si kutuma pesa tu. Wapelekeni wajukuu. Badilisheni siku na saa, msizoeleke. Wafanyakazi wa nyumba zote ni watu: wanamtunza vizuri zaidi yule ambaye wanajua ana watu nyuma yake. Na mkiona mwenzake wa kitandani hana mgeni, mletee naye ndizi na mulize habari zake. Huyo pia alikuwa mama wa mtu.

Mwisho, tuzungumze mapema. Tusingoje siku ya kuanguka. Kaa na mama yako sasa, akiwa bado anacheka na anakumbuka, mwulize: «Siku nguvu zitakapokwisha, ungependa nani akuogeshe? Ungependa kukaa wapi? Kitu gani hutaki kukiacha?» Huenda atakukemea kwamba unamwombea kifo. Mwache apoe, urudi tena. Na sisi wenyewe tunaozeeka tuwaambie watoto wetu tunataka nini, ili wasije wakabishana juu ya vichwa vyetu.

Katika mkutano ujao kila kikundi kitachagua wamama wawili wa kusindikiza familia inayokwenda kuangalia nyumba ya wazee. Mwenye uchungu haoni yote. Macho ya jirani yanamsaidia. Anayehitaji kusindikizwa amwone mwenyekiti wa kikundi chake.

Tubaki na amani.