FEDHA ZA ELIMU ZIANZIE CHINI

Ndugu wanachama, tangu Uhuru wa mwaka 1961 tumetangaza vita na maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Adui ujinga tumempiga mara nyingi, wala hajafa. Sababu moja twaijua: tunapigana naye juu, huku chini tumemwachia nafasi.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi ifikapo mwaka 1977. Wananchi walifyatua matofali na kujenga madarasa. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifanya kazi. Watoto wakaingia shule kwa wingi usiopata kuonekana. Lakini fedha hazikufuata, na katika miaka ya 1980, uchumi ulipoyumba, wazazi walianza kutozwa tena.

Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi ikafutwa. Tangu Januari 2016 hakuna ada kuanzia darasa la awali mpaka kidato cha nne. Jambo hilo ni jema, nasi twalisifu. Lakini je, mtoto akishapita mlangoni anakuta nini?

Kiwango cha Serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Wanachama wengi mnajua darasa lililo jirani na nyumba zenu lina watoto wangapi. Shilingi 10,000 alizopangiwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, mpango wa MMEM ulipoanza mwaka 2002, zilikuwa kama dola 10 za Marekani. Leo shilingi hizo hazifiki dola 5.

Mwenye fedha humpeleka mwanawe shule ya kulipia, akafundishwa katika darasa la watoto wachache. Mtoto wa mkulima hukaa chini, hasikii sauti ya mwalimu, hufika darasa la tatu hajui kusoma. Hapo ndipo ubaguzi tulioufukuza unaporudi, safari hii kwa njia ya mfuko wa mzazi.

Wanafunzi wa vyuo vikuu wana Bodi ya Mikopo tangu mwaka 2005. Hatuwaonei kijicho, taifa lawahitaji. Lakini wao wana vyama vyao na midomo ya kujisemea. Mtoto wa miaka mitano hana chama wala hawezi kuandamana. Asiposemewa na Chama, atasemewa na nani?

Kwa hiyo twasema hivi. Darasa la awali lipewe fungu lake katika bajeti ya kila halmashauri, lisingojee makombo. Mwalimu hodari kuliko wote katika shule apewe darasa la awali au la kwanza, wala asione kuwa ameshushwa cheo. Na fedha zinazoletwa shuleni zisomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kila mzazi azisikie.

Wanachama nao wana kazi. Katika mkutano wa tawi ujao, muulizeni diwani wenu: darasa letu la awali lina walimu wangapi, na mwaka huu limepata shilingi ngapi? Msikubali jibu la "tunashughulikia."

Udongo uwahi ungali maji. Ukishakauka, hata fedha nyingi hazitaufinyanga.