Salfa mnatugawia, barakoa ziko wapi?

Vijana wenzangu, msimu uliopita nilikuwa kibarua wa kupuliza salfa ya unga kwenye mikorosho, huku Mtwara. Nilipewa mashine ya mgongoni, basi. Macho yakaniwaka siku mbili, kifua kikabana. Bosi ananiambia, "Utazoea tu."

Hatuzoei! Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Dai miwani, barakoa na glavu kabla hujabeba mashine. Puliza alfajiri, upepo ukiwa umetulia, uupe mgongo. Ikiingia machoni, usifikiche. Osha kwa maji mengi.

Na serikali inayogawa salfa kwa mbwembwe igawe na barakoa. Ruzuku ya korosho isilipwe kwa mapafu yetu.