Ukitua Berlin nunua baiskeli ya mtumba, lakini usisahau risiti

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira Septemba 2024, inboksi yangu haijapumua. Wasee wanauliza kuhusu baridi. Wanauliza mtihani wa Kijerumani ni mgumu kiasi gani. Wanauliza kama unga wa ugali unapatikana (unapatikana, bei yake ndiyo itakuliza). Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu baiskeli, na kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza.

Najua kwa nini hamuulizi. Tumelelewa tukijua baiskeli ni ya muuza maziwa, ya fundi wa kunoa visu, ya guka kule ushago. Ukianza kushika doo unahamia pikipiki, kisha gari. Sasa wewe umeabiri ndege, umepiga picha uwanjani na ukoo mzima, halafu utume nyumbani picha ukiwa juu ya baiskeli kuukuu yenye kikapu? Mama atadhani mambo yamekuendea mrama. Wacha adhani. Berlin utamwona mtu wa suti na tai akikanyaga pedali kwenda kazini, mama amebeba watoto wawili kwenye sanduku la mbele, na mzee wa miaka sabini anakupita bila hata kukuangalia. Hakuna anayekuhesabia umaskini pale.

Tuongee pesa kidogo. Mimi nilienda kama au pair, yaani unakaa na familia, unawalelea watoto na kujifunza lugha. Chuo nilikuwa nimeachia mwaka wa pili, karo ilipogoma kabisa. Posho ilikuwa euro 280 kwa mwezi. Tikiti ya mwezi ya treni na mabasi, ile ya nchi nzima, mwaka 2025 ilikuwa euro 58. Kuna familia zinazokulipia, kuna zile zinazojifanya hazijasikia. Toa hiyo 58, toa pesa za simu, toa za kutuma nyumbani kwa sababu huko wanajua uko majuu, kisha uniambie umebaki na nini. Baiskeli yangu niliinunua euro 80, kama shilingi elfu kumi na mbili hivi. Kufikia mwezi wa pili ilikuwa imejilipa. Januari barafu ikitanda panda treni tu, sijasema uwe shujaa.

Lakini hata ungekuwa na tikiti ya bure, bado ningekwambia nunua. Ukitegemea treni ya chini ya ardhi, jiji unalijua kama fuko: unaingia shimo hili, unatokea shimo lile, na katikati hujui kuna nini. Mimi kila wiki nilikuwa nikishuka Hermannplatz. Wiki nenda wiki rudi. Siku niliyopita hapo kwa baiskeli nilikata kona moja nikaona kibao: Lucy-Lameck-Straße. Lameck! Huyo ni mama wa Moshi, Tanzania, mwanasiasa aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kuingia serikalini kule baada ya uhuru. Hadi mwaka 2021 mtaa huo ulikuwa na jina la Hermann von Wissmann, afisa aliyetumwa na Ujerumani kuja kuvunja vita vya Abushiri pwani. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Kule Wedding, upande mwingine wa jiji, kuna kitongoji ambacho mitaa yake imepewa majina ya Afrika, Zanzibar ikiwemo, na tangu 2024 kuna Maji-Maji-Allee. Ile historia uliyoikariri shuleni ukaisahau baada ya mtihani, iko pale kwenye kibao, na watu wanapita nayo wakienda kununua mkate. Nilisimama nikashika kibao kama mtu amepotea.

Halafu kuna Tempelhof. Huo ulikuwa uwanja wa ndege hadi 2008. Tangu 2010 ni bustani ya watu, na njia za ndege bado ziko vilevile, ndefu, tambarare, hakuna gari hata moja. Ukitaka kujifunza kuendesha upande wa kulia bila kuua mtu, anzia hapo. Na usicheke. Sisi tumezoea kushoto tangu tuzaliwe, na mwili hukumbuka kushoto hasa ukiwa umechoka au unakata kona.

Sasa tufike penye moto. Kuna mtu atakuuzia baiskeli kwa euro 30. Itakuwa nzuri, nyepesi, ya maana kuliko yangu. Atakuwa na haraka, hatakuwa na karatasi, na atataka mkutane karibu na stesheni. Wewe ondoka. Berlin baiskeli zinaibwa ajabu. Mwaka 2023 pekee polisi walipokea ripoti zaidi ya 20,000. Na sheria ya Ujerumani haina huruma hapo: kitu kilichoibwa hakiwi chako hata ukikinunua kwa nia safi. Mwenyewe akijitokeza unarudisha, na pesa zako ukamdai muuzaji, kama utamwona tena. Ukiwa ulishuku ukaamua kufumba macho, hilo ni kosa la jinai.

Mwenyeji akishikwa na baiskeli ya utata atajieleza kwa lugha yake na aende zake. Wewe unajieleza kwa Kijerumani cha miezi miwili, ukiwa na viza ya mwaka mmoja na sura ambayo tayari inaangaliwa mara mbili. Hiyo euro 50 unayookoa ndiyo pesa ghali kuliko zote utakazowahi kuokoa. Nimewaona Wakenya wenzangu wakijisifu jinsi walivyopata bei ya kutupa. Sikuwapigia makofi.

Kwa hivyo kabla hata ya kujaribu breki, pindua baiskeli. Nambari ya fremu mara nyingi imechongwa chini, pale pedali zinapokutana, au karibu na bomba la kiti. Ikiwa imesuguliwa, sema asante na uende. Ikiwa iko, andikeni karatasi: jina la muuzaji na anwani, tarehe, bei, hiyo nambari, sahihi zenu wote wawili. Anayekataa kuandika ameshakujibu. Piga picha ya karatasi ujitumie mwenyewe.

Mengine ni madogo. Inua gurudumu, lizungushe, uone kama linayumba. Taa mbele na nyuma ni lazima, kukosa ni faini. Mnyororo wenye kutu na tairi zilizoisha ni sababu ya kushusha bei tu, si sababu ya kuondoka, kwa sababu Berlin kuna karakana za kujihudumia ambapo unaazimwa spana, unaonyeshwa cha kufanya, unaacha ulicho nacho kwenye kopo. Kufuli nunua ya chuma kizito. Yangu ilinigharimu nusu ya bei ya baiskeli na sijutii hata senti.

Barabarani, simu mkononi ni euro 55. Taa nyekundu ni 60 kwenda juu, hata kama hakuna gari na ni saa nane usiku. Reli za tramu zivuke ukiwa umezikata wima, la sivyo tairi inaingia ndani na wewe unatua kwa kidevu. Lori likikata kulia usijibane kando yake, dereva hakuoni. Hapa na pale utakuta baiskeli iliyopakwa rangi nyeupe yote, imefungwa kwenye nguzo, na maua chini. Pale aliyekuwa akiendesha alikufa.

Yangu niliiuza nilipokuwa nikirudi. Niliitangaza kwa euro 70, kufuli ikiwemo. Alikuja dada mmoja wa Kakamega aliyekuwa ametua wiki hiyo hiyo. Hata kunisalimu vizuri hakunisalimu. Alipiga magoti kando ya barabara, akawasha tochi ya simu, akasoma nambari moja moja akilinganisha na karatasi yangu, kisha akasimama na kuniambia cheni imeisha. Tulimalizana kwa 60.