Saa 72 zisipotee kwa hofu

Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa karibu mtu mmoja kati ya watano wa umri wa miaka 15 hadi 64 Homa Bay anaishi na virusi vya Ukimwi. Migori ilikuwa asilimia 13, taifa zima 4.9.

Hata hivyo, bado yupo anayekosa usingizi kwa kula sahani moja na mgonjwa, ilhali ngono bila kondomu haimshtui. Mate, jasho na mbu haviambukizi. Njia ni damu, shahawa, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Tena, anayemeza dawa kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hili litangazwe kila ufuo, Mbita hadi Muhuru Bay.

Kondomu ikipasuka, au mtu akibakwa, aende hospitalini mara moja. Dawa za kinga ya dharura, PEP, huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Usingoje dalili. Kipimo cha siku hiyo huonyesha hali uliyokuwa nayo awali tu, kwani kingamwili huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Rudia kupima kama daktari atakavyokupangia, hadi miezi mitatu itimie.

Serikali za kaunti zote mbili zihakikishe PEP inapatikana usiku na wikendi, hata katika zahanati za visiwani.