Tai Shingoni, Kichwa Wazi

Mwezi Aprili mwaka 2022, mjini Dodoma, Serikali iliwakabidhi maafisa ugani maelfu ya pikipiki ili wapate kuwafikia wakulima vijijini. Kabla yao, waratibu elimu kata walikwisha kupewa za kwao, ili shule iliyo ng'ambo ya mto isikae muda mrefu bila kuonwa na mkubwa yeyote. Hizo ni mali za umma, zilizonunuliwa kwa fedha za umma, na shabaha yake ni njema. Lakini liko swali moja ambalo halina budi kuulizwa: huyo anayeziendesha amevaa nini?

Jibu liko barabarani wala halihitaji tume. Yuko mtumishi aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, tai imekaa sawasawa shingoni, viatu vyepesi visivyo na kamba vinang'aa kama kioo. Kofia ngumu, ambayo wengi huiita helmeti, inaning'inia kwenye kiwiko chake kama kikapu cha mtu anayekwenda sokoni. Akikaribia mahali wanaposimama askari wa usalama barabarani, husimama kando akaivaa, akishawapita huivua. Akiulizwa sababu, atasema kwamba kofia huvuruga nywele, kwamba hutia jasho, na kwamba mtu wa cheo chake hawezi kuingia mkutanoni akifanana na kijana wa bodaboda.

Sababu hii ya tatu ndiyo ya kweli. Zile mbili za kwanza ni za kuisindikiza tu. Kinachomzuia mtumishi huyu si joto. Ni kasumba ya cheo, kasumba ileile iliyowafanya baadhi ya watu wa zamani waone kwamba kushika jembe kunawashushia heshima. Kwa fikra zake, kofia ngumu ni vazi la mtu anayetafuta riziki kijiweni, na tai ni vazi la mtu aliyekwisha kuipata. Lami haijui ngazi za mishahara. Haimwulizi mtu kama ana shahada au ana leseni ya kubeba abiria.

Hesabu yenyewe ni ya mwanafunzi wa sekondari. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Mwendeshaji wake akijipigiza kwenye ubavu wa lori lililoharibika na kuachwa gizani, kishindo atakachokipata ni sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka kimo cha karibu mita 10, yaani dirisha la ghorofa ya tatu. Mwalimu wa fizikia anayeifundisha kanuni hiyo asubuhi, kisha jioni akaondoka shuleni juu ya pikipiki akiwa kichwa wazi, amefundisha masomo mawili kwa siku moja, na wanafunzi watalikumbuka zaidi lile la pili.

Kofia ngumu haina uganga wowote. Gamba lake la nje hulitawanya pigo ili lisikusanyike mahali pamoja. Povu gumu lililo ndani hubonyea, na katika kubonyea huko hukipa kichwa muda wa kusimama. Muda huo ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini katika sehemu hiyo ubongo hupona au huharibika. Povu likishabonyea halirudi kama lilivyokuwa. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kupata ajali haifai kuvaliwa tena, hata kama rangi yake bado inapendeza na mwenyewe bado ana uchungu wa fedha alizoitolea. Mapitio ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ni kinga gani nyingine ambayo mtu angeambiwa habari hizo, kisha akaitundika kwenye kiwiko?

Elimu hii si ya jana. Mwezi Mei 1935, T. E. Lawrence, askari na mwandishi Mwingereza aliyepata sifa katika vita vya Arabuni, alianguka na pikipiki yake karibu na nyumbani kwake huko Dorset. Alikuwa kichwa wazi. Akakaa siku sita bila fahamu, akafa. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtibu alikuwamo bingwa wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns, ambaye baadaye alianza kuchunguza vifo vya askari wapeleka barua waliotumia pikipiki. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1941, na katika mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawaamuru askari hao wavae kofia ngumu. Raia wa nchi hiyohiyo waliachiwa hiari yao mpaka mwaka 1973 ndipo sheria ikawalazimisha. Miaka 32 ilipita baina ya kujua na kutenda, na makaburi ya miaka hiyo hayakuchimbwa kwa sababu ya ujinga, maana ujinga ulikwisha kuondolewa. Tanzania ilitunga Sheria yake ya Usalama Barabarani mwaka huohuo wa 1973. Hakuna mtumishi wa leo awezaye kusema kwamba hajaambiwa.

Wapo pia wanaodai kwamba kofia huziba masikio na kumpofusha mtu kandokando. Dai hilo lilipimwa zamani. Katika mji wa Los Angeles, jopo la Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California lilichunguza ajali 900 mahali zilipotokea, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1981. Halikukuta kwamba kofia ilimnyima mwendeshaji sauti iliyokuwa muhimu wala kumzuia kuona hatari. Lilikuta pia kwamba buti nzito, koti zito na glavu huokoa ngozi isichunwe. Lakini dai hili lina maisha marefu kuliko wanaolitoa.

Hata hivyo, haki inataka upande wa pili nao uonywe. Wako wahubiri wa usalama ambao kila wanapomwona kijana aliyependeza juu ya pikipiki humwita mhuni, kana kwamba ajali huletwa na utanashati. Hao nao wanakosea. Historia ya nchi hii ina somo katika jambo hilo. Mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi na suruali za kubana zikapigwa vita mitaani. Nia ilikuwa kulinda heshima ya taifa. Lakini mitindo ilijificha, ikangoja, ikarudi. Binadamu hupenda kupendeza. Vazi linalomwaibisha mvaaji halivaliwi askari akigeuza kisogo, na kinga isiyovaliwa si kinga. Kwa hiyo anayetaka watu wajikinge asiwaamuru wafanane na magunia.

Wala si kweli kwamba umaridadi na usalama ni maadui wa asili. Koti la ngozi lenye zipu ya mshazari, ambalo dunia nzima hulitambua, lilianza kutengenezwa New York mwaka 1928 na Irving Schott kwa ajili ya waendesha pikipiki. Zipu iliwekwa mshazari ili koti lizibe upepo na ili mtu aweze kuinamia usukani bila kubanwa kifuani. Ngozi iliwekwa nene ili iburuzike barabarani badala ya mwili. Uzuri wake ulizaliwa na kazi yake. Kisha mwaka 1953 Marlon Brando akalivaa koti la namna hiyo katika filamu ya The Wild One, na vijana wa nchi nyingi wakalitaka bila kuwa na pikipiki. Viwanda vikawapa walichotaka: sura ya koti, ngozi nyembamba kama ya pochi, bila kinga begani wala kwenye kiwiko. Makoti ya aina hiyo ndiyo hushuka leo katika marobota ya mitumba, na kijana hununua akiamini kwamba amenunua kinga. Amenunua picha ya kinga.

Ulaghai huohuo umeingia kwenye kofia, na huko ni mbaya zaidi. Sokoni zipo kofia zinazong'aa, zenye michoro ya ndimi za moto, lakini ukibonyeza gamba lake kwa kidole gumba linaingia ndani, na ukifunua kitambaa unakuta sponji laini ya godoro badala ya povu gumu. Vietnam ililiona jambo hili. Tarehe 15 Desemba 2007 nchi hiyo iliwalazimisha waendesha pikipiki na abiria wao wote kuvaa kofia. Katika muda mfupi karibu kila kichwa kikafunikwa, na majeraha ya kichwa yakapungua. Halafu wachuuzi wakajaza barabara kofia nyepesi za plastiki zenye sura ya kofia za jua, zinazomridhisha askari na zisizomzuia jiwe. Mfanyabiashara anayeuza kitu cha namna hiyo hana tofauti na yule anayeuza vidonge vya chokaa kwa jina la dawa ya malaria. Kazi ya Shirika la Viwango ni kumfuata dukani, si kumngoja bandarini peke yake. Na mnunuzi naye ana macho: achague kofia inayoshika mashavu, aifunge kamba ya kidevuni ili vidole viwili tu vipite, kisha aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka paji la uso na kutoka, hiyo ni bakuli.

Lipo suala la joto, na hilo si la kudharauliwa. Mavazi yaliyobuniwa kwa baridi ya Ulaya hayawezi kuletwa Tanga au Mtwara yakaitwa dawa. Lakini yako makoti ya wavu mgumu yanayopitisha hewa na kubeba kinga begani, kwenye viwiko na mgongoni, na ziko kofia zenye matundu ya hewa. Asiyeweza kuyapata hayo anaweza kuacha kandambili akavaa kiatu kinachofunika kifundo, na anaweza kuvaa suruali nzito juu ya ile ya ofisini akaivua afikapo. Kwa nini viatu vya mkutanoni visikae mkobani mpaka mkutano uanze? Waendeshaji wa Njombe na Makete walikwisha kutatua tatizo la baridi kwa akili yao wenyewe: huvaa koti kinyumenyume, vifungo mgongoni, ili upepo usipenye kifuani. Wageni huwacheka. Wenyewe hufika bila kutetemeka. Huo ndio ubunifu ambao mafundi cherehani wa Tanzania wangeweza kuuendeleza, wakashona koti la turubai lenye mikanda ya kuakisi mwanga, lenye mkato mzuri, ambalo mwalimu kijana asingeona haya kulivaa mbele ya wenzake.

Abiria naye amesahauliwa, hasa mwanamke. Hukaa upande kwa sababu ya sketi au kitenge, ncha ya kanga inacheza karibu na mnyororo, ndama ya mguu iko jirani na bomba la moshi lenye moto wa kutosha kuacha kovu la maisha. Anapopewa kofia huikataa kwa kuwa imevaliwa na vichwa ishirini tangu alfajiri, au amesukwa jana kwa fedha nyingi. Malalamiko hayo yana msingi, na kumcheka hakumsaidii. Kitambaa chepesi cha kuvaa ndani ya kofia humaliza habari ya jasho la wengine, na nguo pana ikunjwe na kukaliwa kabla ya safari. Mjini Kigali dereva wa pikipiki hutembea na kofia mbili na abiria huivaa ya pili; nao wana nywele, nao hutoka jasho.

Inabaki aibu moja ambayo viongozi hawawezi kumsukumia mtu mwingine. Mgeni mkubwa anapopokelewa mahali, pikipiki hutangulia msafara kwa makumi, honi zinalia, watu wawili hata watatu juu ya chombo kimoja, bendera mkononi, vichwa wazi. Kiongozi hupunga mkono kutoka garini. Kesho yake kiongozi huyohuyo huwahimiza vijana watii sheria za barabarani. Vijana si wajinga; wamekwisha kuona ni lini sheria hulala. Mwandaaji wa mapokezi ambaye anaweza kugawa fulana na mafuta anaweza pia kusema kwamba asiye na kofia haingii msafarani.

Kwa upande wa ofisi za umma, jambo hili halihitaji semina. Mwaka wa fedha huanza Julai. Afisa ugavi anayeandika zabuni ya pikipiki aandike humohumo kofia mbili kwa kila chombo, zenye kiwango na zilizopimwa kwa vichwa vya watakaozivaa, pamoja na koti, glavu na buti, na aruhusu watumishi wenyewe wachague rangi na mshono. Mkuu wa idara aziingize kwenye daftari la mali kama anavyoingiza tairi. Na anayetunza ufunguo asiutoe mpaka mchukuaji awe amesimama mbele yake, kofia kichwani, kamba imefungwa, tai akipenda.